Koti la minki na mazoea ya pwani: uchambuzi wa kisa kimoja cha utunzaji wa manyoya

Kisa hiki kinahusu koti la manyoya ya minki lililoletwa katika karakana yetu mjini Montreal, Kanada, likiwa limepasuka mara tatu ndani ya majuma sita. Mwenye nalo ameridhia kiandikwe ili kiwafae Waswahili wengine walio katika nchi za baridi ambao, kwa zawadi, kwa urithi au kwa kununua mtumba, wamejikuta na vazi ambalo hakuna mtu wa kwao aliyewafundisha kulitunza. Jina, mtaa, miaka na baadhi ya mambo ya kifamilia yameondolewa au kubadilishwa. Yanayohusu koti lenyewe yameachwa kama yalivyokuwa.

Mwenye koti na koti lenyewe

Bi M. ni mama wa makamo aliyezaliwa na kukulia mwambao wa kaskazini wa Tanzania. Kazi yake huku ni kuwatunza wazee majumbani, na bibi mmoja aliyemhudumia kwa miaka minne alipofariki, watoto wa marehemu walimpa koti la mama yao kwa shukrani. Lilikuwa koti refu la kahawia iliyoiva, na kwa kuangalia mtindo wa mabega na bitana yake, lilishonwa mwishoni mwa miaka ya 1970 au mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa zaidi ya miaka kumi lilikuwa limetundikwa kabatini bila kuvaliwa.

Minki ni mnyama mdogo wa jamii moja na kicheche, nyegere na fisi maji, na koti moja refu huchukua ngozi zake makumi. Katika ushonaji wa aina hii ngozi haiachwi nzima. Kila moja hukatwa vipande vya mshazari vyenye upana wa takriban milimita 5, kisha vipande hivyo hushonwa upya huku kila kimoja kikisogezwa kidogo mbele ya mwenzake, hadi ngozi iliyokuwa fupi na pana igeuke ndefu na nyembamba, ishuke kutoka begani hadi pindoni bila kiungo kuonekana. Anayelitazama koti kwa nje huona mawimbi ya manyoya yanayong'aa. Anayefunua bitana huona maelfu ya mishono midogo juu ya ngozi nyepesi kama ya kinga ya mkono.

Binti yake Bi M. hakupenda hata kidogo mama yake avae wanyama, na jambo hilo lilizungumzwa kwa majuma kadhaa nyumbani. Walikubaliana kwamba koti la marehemu litavaliwa, kwa kuwa wanyama wale walikwishakufa zamani na kulitupa hakungemfufua hata mmoja, lakini hakuna jipya litakalonunuliwa. Binti huyohuyo ndiye aliyefanya ukaguzi wa kwanza. Aling'oa nywele mbili tatu, akaziunguza mbali na koti, akasikia harufu ya nywele za binadamu zinazoungua na kuona majivu yanayopukutika. Manyoya ya plastiki yangeyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kisha akatenganisha manyoya kwa vidole, akaona chini yake ngozi badala ya kitambaa kilichofumwa. Jaribio lake lilikuwa sahihi, na lilimwonyesha mama yake kwamba manyoya ni ya kweli. Kuhusu hali ya ngozi iliyoyashika manyoya hayo halikuweza kusema lolote.

Majira ya baridi ya kwanza

Swali la kwanza la Bi M. halikuwa la utunzaji, lilikuwa la tohara, yaani usafi wa ibada: je, anaweza kusali akiwa amelivaa? Alimuuliza shehe wa msikiti anaosali. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa mwambao, kauli mashuhuri ni kuwa kudabagha, yaani kuitengeneza ngozi kwa dawa ili isioze, hutoharisha ngozi ya mnyama asiyechinjwa lakini hakutoharishi manyoya yake, ilhali Mahanafi huyahesabu manyoya kuwa tohara. Bi M. akachagua kushika la kwao na kulivua kila anaposali.

Uamuzi huo wa ibada hatuna la kuusemea. Tunautaja kwa sababu ya lililofuata: msikitini hapakuwa na hanga, palikuwa na misumari ukutani, na koti lenye uzito wa kilo kadhaa lilitundikwa kwa kitanzi chake cha ukosini mara tano au sita kwa juma, miezi mitano mfululizo. Uzito wote wa vazi ukaning'inia kwenye eneo la ngozi lisilozidi upana wa vidole viwili.

Kuna mengine mawili ya majira hayo. Bi M. alilivaa koti na mkoba wa begani, daima bega la kulia, na ukanda wa mkoba ukasugua manyoya hadi yakakatika mstari. Pia, kabla ya harusi moja ya jamaa, alilifukiza. Aliweka chetezo sakafuni, akatia udi juu ya makaa, akalitandaza koti juu ya kiti kilichosimama juu ya moshi kwa karibu nusu saa, kama anavyofanya kwa nguo zake zote za shughuli. Katika harusi hiyo, kwa maneno yake, kila aliyemkumbatia alimuuliza koti amelitoa wapi.

Majira yalipokwisha, kulabu moja ya kifua iling'oka, naye akaileta kwetu. Tuliishona siku hiyohiyo. Fundi aliyeipokea kazi alimtajia huduma yetu ya kuhifadhi makoti katika chumba cha baridi wakati wa kiangazi, Bi M. akaiona ada kuwa kubwa kwa kulipia koti kulala, akaaga. Hakuna kati yetu aliyefunua bitana.

Miezi ya joto

Kiangazi cha Montreal hushangaza wageni kwa joto lake, ambalo siku nyingine hupita nyuzi 30 za sentigredi na kuambatana na unyevu mwingi. Bi M. alikuwa akienda kwao kwa majuma saba. Alifikiria kwanza kulichukua koti ili awaonyeshe ndugu zake, akaacha kwa sababu ya uzito wa mizigo, na sababu hiyo ya kawaida ikamwepusha na mashaka mengine. Alikuwa na uhakika kwamba koti ni la minki, mnyama anayefugwa, lakini watu wanaorithi makoti ya zamani hawana uhakika huo siku zote. Koti la chui, kwa mfano, halivushwi mpaka kama nguo nyingine: chui yumo katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika 1975, na wengi wa chui walioishia katika makoti ya miaka ya 1960 walitoka katika nyika za Afrika, zikiwamo zetu.

Koti likabaki kabatini. Akikumbuka jinsi nondo na ukungu wanavyoharibu nguo nyumbani kwao, Bi M. alilivika mfuko wa plastiki wa dobi, akautia konzi ya vidonge vya naftalini, akaufunga chini kwa fundo na kulisukumiza katikati ya nguo nyingine. Chumba hakikuwa na kiyoyozi na madirisha yalifungwa muda wote wa safari.

Mvua ya barafu, hita na cherehani

Aliporudi na kulitoa, harufu ya naftalini ilikuwa kali kiasi cha kumwumiza kichwa. Akalianika rosheni, juani, siku nne. Harufu ikapungua kidogo, na mabega yakaanza kugeuka rangi kuelekea wekundu.

Mwezi wa Desemba alinaswa kituoni na mvua ile inayoganda inapogusa kitu, akafika nyumbani koti likiwa limelowa hadi bitana. Alikuwa na zamu ya usiku. Alilitandaza juu ya hita ya maji moto iliyo chini ya dirisha, mgongo ukielekea chini, akalala kwa muda wa saa tatu, akaamka akalikuta limekauka. Alisema alifurahi. Mgongo ulikuwa mgumu kidogo kama shati lililotiwa wanga, akadhani kuvaa kutaulainisha.

Siku ya tatu alinyoosha mkono kushika bomba la juu ndani ya basi, akasikia sauti kama ya karatasi: kwapa la kulia lilikuwa limeachia, urefu wa shubiri. Fundi cherehani wa mtaani alilishona kwa uangalifu, kwa sindano nene na mshono wa karibukaribu ili liwe imara. Baada ya siku kumi mpasuko wa pili ulifuata matundu ya sindano hiyo mmoja baada ya mwingine, kama stempu inavyochanwa kwenye karatasi yake. Wa tatu ulikuwa chini ya ukosi, mahali pa kitanzi.

Tulichokikuta karakanani

Safari hii tulifungua bitana pindoni na kuifuata hadi mabegani. Ukaguzi wa ngozi hauhitaji mashine. Fundi hukunja sehemu ndogo kati ya vidole na kuisikiliza. Ngozi nzima hujikunja kimya na kurudi, iliyokufa hutoa mlio mkavu na kubaki na alama ya mkunjo. Hupuliza manyoya ili yafunguke na kuangalia kama malaika wa chini, yale manyoya mafupi laini yanayoshika joto, wamejaa au wamekatika. Huvuta kidogo kuona kama nywele zinatoka na mizizi yake.

Manyoya ya koti hili yalikuwa mazuri karibu kila mahali isipokuwa bega la kulia, na hatukuona tundu hata moja la nondo. Ngozi ilikuwa na hali tatu tofauti ndani ya vazi moja. Mgongo wa juu, mabega na nusu ya juu ya mikono ilichanika kwa kuvutwa kwa vidole viwili. Upande wa chini wa mgongo ulikuwa mkavu lakini ulishika. Vipande vya mbele, kuanzia kifuani hadi pindoni, vilikuwa laini kama vya koti la miaka kumi, kwa sababu havikugusa hita na havikubeba uzito.

Uamuzi na sababu zake

Bi M. alitaka lirudi kama lilivyokuwa. Njia ya kwanza tuliyoijadili ilikuwa kubandika utepe wa kitambaa nyuma ya kila mpasuko na kushona kwa mashine ya manyoya, ambayo huunganisha kingo mbili bila kutoboa mbali na ukingo. Njia hiyo hufaa ngozi yenye nguvu iliyochanika kwa ajali. Kwenye ngozi iliyooza huhamisha mpasuko sentimita mbili pembeni. Njia ya pili, kubandika kitambaa chepesi mgongo mzima, ingelifanya liweze kuvaliwa kwa uangalifu, lakini uzito wa sehemu za chini ungeendelea kuvuta mabega yasiyoweza kubeba kitu, na gharama yake ilikuwa kubwa kuliko bei ambayo koti lingeuzwa. Hilo la bei lilimshangaza. Alikuwa ameambiwa kwamba ameachiwa mali ya maelfu ya dola, na kweli koti kama lile lilikuwa ghali liliponunuliwa, lakini soko la manyoya ya zamani limeanguka sana na hakuna duka lililokuwa likigombania koti la miaka arobaini hata lingekuwa zima.

Njia ya tatu ilikuwa kulivunja na kushona kizibao kirefu kwa kutumia vipande vya mbele na nusu ya chini ya mgongo, mikono ikiwa ya sufu nzito. Bi M. aliomba siku mbili za kufikiri. Kilichomsumbua, kama alivyoeleza baadaye, hakikuwa hasara ya vazi, ilikuwa ni kama kumkata yule bibi. Binti yake ndiye aliyemshawishi, na hoja yake ilikuwa kwamba koti lisilovalika litarudi kabatini, nako ndiko lilikoanza kufa.

Tulikataa kuliingiza koti zima katika pipa la kusafishia kabla ya kulivunja. Manyoya huoshwa kwa kuzungushwa ndani ya pipa pamoja na vumbi la mbao lililonyunyizwa dawa kidogo, ambalo hufyonza uchafu na harufu bila kulowesha ngozi. Lakini mzunguko huo ungelichana koti lenye mgongo wa namna ile vipande vipande. Vipande vizima vilitengwa kwanza, ndivyo vikasafishwa, vikapakwa mafuta ya ngozi upande wa ndani na kuachwa vipumzike kabla ya kukatwa.

Matokeo

Kizibao kilichukua majuma matano. Hadi tunapoandika, kimevaliwa kwa misimu miwili bila mpasuko, na viangazi vyote viwili kimelala katika chumba cha baridi chenye nyuzi 7 hadi 10 na unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50. Harufu ya naftalini imekwisha. Ya udi haijaisha: siku za theluji nyevu hurudi, na Bi M. anasema hiyo tuiache.

Uchambuzi

Ukizitazama hatua za Bi M. moja baada ya nyingine, hutakuta uzembe. Utakuta mwanamke anayejua kutunza nguo kwa kanuni za mahali alipokulia, ambako adui ni unyevu, ukungu na nondo, na ambako jua, moshi wa udi, plastiki na naftalini ni silaha zilizothibitika kwa vizazi. Silaha hizo zilitengenezwa kwa pamba na hariri. Koti la manyoya ni kitu cha aina nyingine, kwa kuwa lina tabaka mbili zenye mahitaji yanayogongana: nywele ngumu, zisizoharibika upesi, na chini yake ngozi ambayo haikudabaghiwa kama ya viatu. Ngozi za manyoya kwa kawaida hutayarishwa kwa chumvi na shabu pamoja na mafuta, njia inayoziacha nyeupe, nyepesi na laini, lakini isiyofungamana nazo kwa nguvu. Maji huiondoa shabu, joto huyafukuza mafuta, na miaka peke yake huacha asidi inayokula nyuzi za ngozi taratibu.

Kwa hiyo koti alilopewa lilikuwa limezeeka kwa ndani tangu siku ya kwanza. Kukaa zaidi ya miaka kumi kabatini katika nyumba inayopashwa joto majira yote ya baridi kulikwisha kulikausha, na kama tungelikagua wakati wa kulabu, tungemwambia alivae kwa kiasi na asilitundike kwa kitanzi. Hilo ni kosa letu na si lake. Mteja anayeleta kulabu moja analeta koti zima, na kufunua bitana pindoni huchukua dakika tano.

Plastiki iliziba hewa na kufungia ndani joto la miezi miwili. Naftalini haikuongeza chochote isipokuwa harufu, kwani hakukuwa na dalili za wadudu. Hofu ya nondo haikuwa ya kipuuzi, maana viluwiluwi vyake hula nywele na sufu, lakini baridi huwazuia vizuri zaidi kuliko vidonge; vazi linaloshukiwa hufungwa kwenye mfuko na kuwekwa katika friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa juma moja. Asiyemudu chumba cha baridi angalau atumie hanga pana ya mabega, mfuko wa kitambaa cha pamba, nafasi pande zote mbili za koti, na kona ya nyumba iliyo mbali na mwanga na bomba la joto. Jua siku nne rosheni liliharibu rangi, jambo ambalo kwa macho lilionekana kubwa na kwa hakika lilikuwa dogo.

Pigo lenyewe lilikuwa hita. Ngozi mbichi iliyolowa hunywea kwa joto la karibu nyuzi 60, na iliyozeeka hunywea mapema kuliko hapo. Nyuzi zake zikishajikunja namna hiyo hakuna mafuta wala fundi wa kuzirudisha. Kulowa peke yake kusingelimaliza koti. Lingekung'utwa, likatundikwa kwenye hanga pana katikati ya chumba chenye hewa, likaachwa lichukue siku nzima au mbili, kisha likapitishwa kwa fundi wa manyoya, huenda leo lingekuwa na mikono yake. Yale majuma sita baada ya hita yalikuwa ni koti kuonyesha mahali palipokwisha kufa: kwanza penye mvutano wa mkono, kisha penye matundu ya cherehani, mwisho penye kitanzi.

Udi tunausema kwa kusitasita, kwa sababu tunajua maana yake. Moshi wenyewe haukuichana ngozi, na makaa yalikuwa mbali. Ila manyoya hushika harufu kuliko kitambaa chochote, na manukato yenye spiriti yakinyunyizwa juu yake hukausha na kugandisha nywele. Anayetaka kunukia afukize kanga au baibui ya ndani, koti lichukue harufu kutoka humo kidogo kidogo.

Yaliyofaulu ni machache lakini yana uzito. Jaribio la kuunguza nywele lilimwepusha na kulidhania koti la plastiki na kulitia mashine ya kufulia. Hakujaribu kuliosha nyumbani hata harufu ilipomshinda. Hakukubali mshono wa pili wa cherehani ya kawaida baada ya ule wa kwanza kuchanika, ingawa fundi alijitolea kuurudia bure, na kusita huko ndiko kulikoacha vipande vya kutosha kutengeneza kizibao.

Kwa upande wetu, tangu kisa hiki kila koti linaloingia hufunuliwa bitana kabla ya kazi kupokelewa, na mteja huulizwa mambo matatu: lilikaa wapi kiangazi kilichopita, liliwahi kulowa, na lilikaushwa vipi. Msikitini anakosali Bi M. wamepigilia ubao wenye hanga sita za mabega mapana. Mbili kati yake alizitoa yeye.